Tufani ya nani? Kisa cha Bi Mkubwa wa Bagamoyo

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 mashua na ngalawa zilikuwa zimevutwa juu kabisa ya mchanga hapa Bagamoyo, mpaka karibu na vibanda vya wakaanga samaki. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza: Kimbunga Hidaya kiko baharini na kinaelekea pwani yetu. Nami, mwalimu mstaafu asiye na chombo cha kuvuta, nilipita kwa jirani kumjulia hali mama mmoja mtu mzima ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi. Nikamkuta barazani amekasirika, na si kwa sababu ya kimbunga.

Mjukuu wa kaka yake alikuwa anachora mti wa ukoo kwenye kompyuta, uchapishwe ugawiwe ndugu kwenye kikao. Kwenye kisanduku cha Bi Mkubwa, yaani mama yake babu yake Shangazi, kijana alikuwa ameandika: kuzaliwa, 1952.

"Mwalimu, hebu niangalie," Shangazi akaniambia hata kabla sijaitikiwa shikamoo yangu. "Mimi kitambulisho changu kinasema 1946. Huyu mtoto amemzaa nyanya wa baba yangu baada yangu mimi."

Kijana hakuwa mzembe, na ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa chote. Alikuwa na ushahidi wa aina tatu, na kila mmoja ukiusikia peke yake unakubalika. Kwanza, ndugu wote wanasema Bi Mkubwa alizaliwa "mwaka wa tufani". Pili, alitafuta kwenye simu orodha ya vimbunga vya Bahari ya Hindi upande huu wa kusini magharibi, akakuta majina yameanza Januari 1960 na kimbunga kiitwacho Alix. Kabla ya hapo, majina hakuna. Akachimba zaidi akakutana na kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952. Tatu, shemeji yake Shangazi, mzee wa Lindi aliyekuwa amekuja kutembea, alikuwa amekaa pale pale akathibitisha kwa kiapo: "Tufani ni ile ya kwetu. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, paa limekwenda."

Basi neno ni tufani, mwaka ni 1952, shahidi yupo hai. Ungekuwa wewe ungeandika nini?

Shangazi alikuwa na kitu kimoja tu mkononi, daftari la babu yake. Dogo, limeliwa na mende pembeni, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wa pwani. Nilichukua miwani. Ukurasa unaotuhusu una sentensi tatu. Mama amezaliwa mfunguo tano, mwaka wa tufani. Arobaini yake imefika watu bado wanaezeka. Mimi mwanawe wa kwanza nimezaliwa kabla ya vita vya Bushiri. Namba ya mwaka haipo, wala wa Hijria wala wa Kizungu.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyoua 1952 papo hapo. Vita vya Abushiri bin Salim na Wajerumani vilianza 1888, na mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwanamke mwenye mtoto kabla ya 1888 hawezi kuzaliwa zaidi ya miaka sitini baadaye. Kijana alikubali mara moja, lakini akauliza swali ambalo wakubwa wengi hawaliulizi: "Sawa, siyo 1952. Sasa ni lini? Maana kwenye orodha hakuna kingine, na watu wanasema kimbunga hakijawahi kufika Bagamoyo."

Kauli hiyo ya "hakijawahi" niliisikia mara nyingi wiki ile, sokoni, kwenye daladala, hata msikitini. Ina sababu yake. Kimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijisokote, na msukumo huo ni hafifu sana karibu na ikweta. Ndani ya nyuzi tano hivi ni nadra kimbunga kuzaliwa. Tanga ipo kama nyuzi tano kusini, Bagamoyo sita na nusu, Lindi kumi. Kisha kuna Madagaska, inayopokea mapigo mengi yanayotoka mashariki. Kwa hiyo sisi tumekaa ukingoni mwa njia ya vimbunga. Lakini aliyekaa ukingoni mwa barabara hajakaa nje ya barabara.

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na pwani hii inayotazamana nayo. Kwa Unguja habari zake zinajulikana zaidi, kwa sababu kulikuwa na sultani, mabalozi wa nchi za nje na wafanyabiashara waliokuwa na mali ya kupoteza. Merikebu za Seyyid Barghash zilizokuwa bandarini ziliangamia. Meli ya Glasgow, ambayo baadaye ilizamishwa na Waingereza katika vita vile vifupi vya Agosti 1896, ilikuwa imeundwa kuziba pengo hilo. Mikarafuu na minazi ya Unguja ilianguka kwa wingi mno. Pemba, iliyo kaskazini kidogo tu, ikaponea, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Hilo peke yake linakuonyesha jinsi upepo ule ulivyokuwa mkali na mwembamba kwa pamoja: kisiwa kimoja kinang'olewa, cha pili kinavuna.

Huku kwetu, mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, pamoja na makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kimbunga kiliwabomolea majengo. Wiki tatu baadaye, tarehe 6 Mei, Henry Morton Stanley aliingia Bagamoyo akitoka kuonana na Livingstone kule Ujiji. Njiani alikuwa amepita penye mafuriko makubwa ya bonde la Ungerengeri, na ngome ya Simbamwenni, karibu na Morogoro ya leo, akaikuta imevunjwa na maji. Naye akaandika, maana kuandika ndiyo ilikuwa kazi iliyomleta.

Nilipomweleza kijana haya aliniuliza kimbunga hicho kinaitwaje. Nikamwambia hakina jina. Aliniangalia kama mtu aliyeuziwa gari lisilo na namba. Na hapo ndipo kisa kilipo hasa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Tumezoea jina kiasi kwamba tunadhani kimbunga huzaliwa nalo. Hata neno lenyewe la kisayansi, saikloni, lilibuniwa na Henry Piddington kule Calcutta mwaka 1848, akilitoa kwenye Kigiriki, kwa ajili ya kuwafundisha mabaharia kwamba upepo ule unazunguka kama nyoka aliyejikunja. Kisiwani Mauritius, Charles Meldrum alikusanya vitabu vya safari vya merikebu zilizotia nanga pale, akalinganisha meli hii upepo ulitokea wapi na ile ulitokea wapi saa ile ile, na hivyo akaweza kuchora vimbunga vya bahari yetu, vinavyozunguka kufuata mshale wa saa. Kazi kubwa mno. Lakini hata yeye hakuvipa majina. Kwake kimbunga kilikuwa tarehe na mahali.

Penye majina, yalitolewa na watu wa kawaida kwa njia zao. Waporto Riko walitumia kalenda ya watakatifu: dhoruba ikipiga siku ya mtakatifu fulani, inaitwa kwa jina lake. Tarehe 13 Septemba 1876 walipata San Felipe. Tarehe hiyo hiyo mwaka 1928 wakapigwa tena, vibaya zaidi, ikabidi waseme San Felipe wa Pili. Kule Queensland, Clement Wragge mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa akivipa vimbunga majina ya visasili, na mwanasiasa akimuudhi, jina lake nalo linapewa kimbunga. Kisha Wamarekani mwaka 1953 wakaanza orodha ya majina ya wanawake kwa harikeni za Atlantiki, na ikachukua hadi 1979 wanaume nao kuingizwa humo. Shangazi aliposikia hilo alisema, "Miaka yote hiyo kuvunja nyumba ni kazi ya wanawake tu?"

Kwetu, kama kijana alivyoona, ni 1960. Siku hizi utaratibu ni huu: msimu unaanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni, kuna orodha ya majina kwa alfabeti yaliyopendekezwa na nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwamo. Kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Réunion kinafuatilia ukanda wote huu, lakini jina linatamkwa na Madagaska ikiwa dhoruba iko magharibi ya nyuzi 55 za longitudo, au na Mauritius ikiwa mashariki yake. Sharti ni upepo wa wastani ufikie kilomita 63 kwa saa. Kwa hiyo jina lenyewe ni habari. Hidaya ni herufi ya nane: kabla yake msimu ule walipita Alvaro, Belal, Candice, Djoungou, Eleanor, Filipo na Gamane. Jobo, kile kilichotutia hofu Aprili 2021 kikaishiwa nguvu kabla ya kutua, kilikuwa cha kumi. Na msimu huo huo wa Jobo ulikuwa na Bongoyo, jina la kisiwa ambacho watu wa Dar es Salaam huenda kuogelea Jumapili, na Faraji, ambacho kilikuwa miongoni mwa vikali kabisa ila kilifanya ukali wake katikati ya bahari, mbali na watu. Jina lilimfaa.

"Na Hidaya?" Shangazi akauliza. "Si zawadi hiyo? Zawadi gani ya namna hii?"

Utaratibu ni mzuri. Unafanya onyo la redio lieleweke hata na mtu asiyejua longitudo ni nini. Ila umeacha kivuli nyuma yake. Mwaka uliotupa Alix ndio mwaka ambao setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa angani, tarehe 1 Aprili 1960. Kwa hiyo jina na jicho la angani vilikuja karibu pamoja, na orodha ikawa ndefu na safi kuanzia pale. Kijana wa leo akiitazama, anaona ukuta: upande huu vimbunga vimejaa, upande ule hakuna kitu. Anasoma ukimya kama utulivu. Ukweli ni kwamba kabla ya hapo dhoruba iliandikwa tu ikiwa imekutana na merikebu, au mji, au padri mwenye kalamu. Ingepiga mikoko ya Rufiji usiku, wakafa wavuvi wanane, isingeingia popote isipokuwa kwenye vinywa vya wajane wao.

Na kile cha 1872 kiliingia vinywani pia, kwa jina lililotosha wakati ule. Wazee hawakuhitaji kukiita Fulani. Waliita mwaka wenyewe: mwaka wa tufani, kama walivyosema mwaka wa vita vya Bushiri. Mwaka ulikuwa unabeba tukio, na tukio linabeba umri wa watu. Mbinu hii inafanya kazi vizuri kabisa maadamu anayesema na anayesikia wamekaa mji mmoja. Ikivuka mji inaharibika, na ndicho kilichotokea barazani: mzee wa Lindi anasema tufani na Shangazi anasema tufani, kila mmoja ana hakika, na wote wawili wanasema kweli.

Nilitaka hata hivyo kuhakikisha, maana "haiwezi kuwa 1952" haina maana kwamba "ni 1872". Kijana mwenyewe alisema hivyo: huenda babu aliita tufani mvua ya masika iliyozidi tu. Neno lenyewe linaruhusu; tunasema tufani ya Nuhu, na ile ilikuwa ya maji. Nikarudi kwenye daftari, kwenye maneno ambayo wote walikuwa wameyaruka kwa sababu siku hizi hayatumiki: mfunguo tano.

Kwa wasomaji vijana: wazee wa pwani walihesabu miezi kuanzia kufungua. Shawwali ni mfunguo mosi, na kuendelea hivyo mpaka mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mfunguo tano ni Safari, mwezi wa pili wa mwaka wa Hijria. Mwaka wa Hijria 1289 uliingia tarehe 11 Machi 1872. Muharamu ikiwa na siku thelathini, Safari inaanza karibu na tarehe 10 Aprili. Tarehe 15 Aprili, siku ya upepo, inaangukia kama siku ya sita ya mfunguo tano; ongeza au punguza siku moja kwa sababu ya kuandama kwa mwezi.

Nilipofika hapo nilinyamaza kidogo, nikahesabu tena kwa vidole. Babu hakuandika mwaka, aliandika mwezi, na mwezi wake umekaa juu ya kimbunga kile kama kifuniko juu ya sufuria. Kwa ulinganisho nikaipima na Lindi: Aprili 1952, toka mwanzo hadi siku ya ishirini na tano hivi, ilikuwa Rajabu. Rajabu haina mfunguo.

Kisha ile sentensi ya arobaini. Mzazi akitimiza siku arobaini za uzazi, watu bado wanaezeka. Kuezeka huku si kwa nyumba moja iliyovuja. Masika huwa hayajaisha, hakuna anayechagua Mei kuwa msimu wa kuezeka akiwa na hiari yake. Mji mzima unaezeka kwa kuwa mji mzima umeezuliwa. Makuti yalikuwa tele wiki za mwanzo, yameangushwa na upepo wenyewe. Minazi ya kutoa makuti ya miaka iliyofuata ndiyo haikuwapo, lakini hilo babu hakuliandika, hayo ni mawazo yangu.

Umri nao unakubali. Aliyezaliwa 1872 alikuwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita kabla ya vita vya Bushiri, umri wa kuolewa na kuzaa kwa desturi ya siku zile. Na Shangazi anakumbuka, akiwa mtoto, kumpelekea maji ya kutawadhia bibi kizee asiyeona vizuri, aliyekuwa akiulizia kila upepo ukivuma kama ni kusi au ni kitu kingine. Miaka ya 1950 Bi Mkubwa angekuwa na miaka themanini hivi. Inawezekana kabisa.

Kuna jambo moja halikukaa sawa, na silifichi. Ndugu wa upande wa Kaole wanasisitiza Bi Mkubwa alizaliwa siku ya Ijumaa, siku yenyewe ya tufani. Siku ya upepo ilikuwa Jumatatu. Ama alizaliwa Ijumaa ya karibu na hapo, ama Ijumaa imeongezwa baadaye kwa kuwa ni siku njema na kila ukoo unampenda bibi aliyezaliwa Ijumaa. Ninaegemea la pili. Daftari halitaji siku, na daftari limeandikwa na mwanawe.

Hidaya, kama wengi mnavyokumbuka, kilifika Mafia Jumamosi tarehe 4 Mei, kikapoteza nguvu. Hapa Bagamoyo tulipata mawimbi na mvua na usiku wa kutolala, basi. Kusini ndiko mvua yake iliharibu zaidi. Barabara ya kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, kwa hiyo shemeji wa Lindi akakwama kwa Shangazi kwa siku ambazo hakuzipanga. Jambo hilo lilitufaa sote, kwa sababu kijana alikuwa bado hajachapisha.

Tulikaa tena. Kwenye kisanduku cha Bi Mkubwa tuliandika: mfunguo tano 1289, Aprili 1872, mwaka wa tufani. Shangazi alikataa maneno "mwaka wa tufani" yaondolewe ati kwa kuwa tarehe imepatikana. Alisema tarehe ni ya serikali, tufani ni ya mwenyewe. Nikakubaliana naye, na kwa sababu isiyo ya huruma: tarehe imetokana na maneno hayo, na mtu akija kugundua nimekosea hesabu atahitaji maneno ya asili ili anisahihishe.

Shemeji naye akataka kwenye kisanduku chake iandikwe kwamba mwaka wa tufani alikuwa ananyonya. Haki yake. Lakini sasa karatasi moja ingekuwa na miaka miwili ya tufani, na mjukuu wa mjukuu angerudi kwenye fujo ile ile. Kijana, ambaye habari za Porto Riko zilikuwa zimemkaa, akapendekeza tufuate mfano wao: hii ya Bagamoyo iwe Tufani ya Kwanza, ile ya Lindi iwe Tufani ya Pili. Akaanza kuandika.

Mzee wa Lindi akaweka kikombe chini. "Futa," akasema. "Nyinyi ndio mnaohesabu mbili. Sisi kule Lindi ile ilikuwa ya kwanza."

Kijana akafuta, akaandika: tufani ya Lindi.